UZI: Matusi ya ushoga kwenye vikosi vyetu vya Free Fire na Call of Duty hapa Lubumbashi. Makapteni, mnasikia?

YayaKamalondo (mwanzisha uzi)

Salamu zenu wote, wakubwa kwa wadogo. Naandika kutoka Lubumbashi, Kongo.

Uzi huu ni kwa wanaocheza Free Fire, Call of Duty: Mobile, PUBG Mobile na michezo mingine ya simu ya vikosi vinavyopigana kwa risasi, na hasa kwa makapteni. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikisaidia kupanga mashindano madogo ya simu kati ya vijana wa mitaa ya Kamalondo, Kenya (mtaa wa hapa, si nchi) na Katuba. Hatuna ofisi wala mdhamini. Tuna mabenchi, nyaya za kuchajia, modem moja, na jenereta ya jirani pale SNEL wanapokata umeme. Kazi niliyopewa mimi ni kusikiliza. Naingia kwenye gumzo la sauti la kila kikosi ili nijue nani anadanganya, nani amekatikiwa na intaneti, nani anataka kupigana na nani.

Tusi linalorudi kuliko mengine yote ni lile la ushoga. Aliyekosa shabaha ni pede. Aliyejibanza nyuma ya ukuta akijitibu ni msenge. Aliyechelewa kumwinua mwenzake ni shoga. Mwenye sauti nyembamba hahitaji hata kukosea. Anahukumiwa mechi haijaanza, angali ndani ya ndege ya mchezo, hajaruka. Na kinachoniuma kuliko tusi lenyewe ni kwamba likishatamkwa hakuna anayeshtuka. Kapteni anaendelea kutoa maelekezo kana kwamba mtu amepiga chafya.

Kulikuwa na kijana mmoja, hajafika hata miaka 17, ambaye kazi yake kikosini ilikuwa kusoma ramani. Duara la eneo salama likianza kufunga, yeye ndiye aliyewaambia wenzake wapitie wapi, na walifika mbali kwa sababu yake. Sauti yake ilikuwa bado ya kitoto. Kila alipofungua maikrofoni walimwiga, wakamwita mke wa fulani, wakamwuliza analala upande gani wa kitanda. Akaanza kuandika badala ya kusema. Sasa katika mchezo wa risasi huwezi kuandika na kupiga kwa wakati mmoja, kwa hiyo taarifa zake zikawa zinachelewa, kikosi kikapigwa, na lawama zikamwangukia: hasemi! Wakamtoa. Walimtesa mpaka akanyamaza, kisha wakamfukuza kwa kunyamaza. Kama kijana huyo ni shoga au si shoga, sijui. Sijamwuliza na sitamwuliza, kwa sababu hainihusu.

Mtu aliye Ulaya anaweza kushauri: zima sauti, hama, tafuta kikosi kingine. Hapa kikosi ni watoto wa lupango (kiwanja) moja au wa barabara moja. Simu ni ya kaka mkubwa, mega za intaneti zinanunuliwa kwa kuchangishana, modem iko kwa mwenye duka. Ukitoka kikosini umetoka na kwenye intaneti. Waliokutukana usiku mnapishana nao asubuhi kwenye maji. Na neno lililosemwa mchezoni linashuka hadi kundi la WhatsApp la mtaa, kutoka hapo linamfikia mama, linamfikia mchungaji. Sheria ya makosa ya jinai ya Kongo haiutaji ushoga kama kosa. Katiba ya 2006, ibara ya 40, inazungumzia haki ya kufunga ndoa na mtu wa jinsia tofauti, basi. Lakini familia haisubiri hakimu. Uvumi peke yake unatosha mtoto kuambiwa afungashe nguo zake.

Wengine mtasema kampuni za michezo ndizo zinazopaswa kushughulika. Zinapaswa, ndiyo. Lakini tazameni zilivyoanza. Januari 2006, Sara Andrews, mchezaji wa World of Warcraft nchini Marekani, alitangaza kwenye gumzo la mchezo kwamba chama chake cha wachezaji kinawakaribisha mashoga. Kampuni ya Blizzard ilimwonya yeye, kwamba tangazo lake linavunja kanuni za unyanyasaji! Kelele zilipozidi ndipo ikamwomba radhi. Mwaka 2009 mwanamke mmoja alifungiwa Xbox Live, huduma ya Microsoft ya kucheza mtandaoni, kwa sababu aliandika kwenye wasifu wake kwamba anapenda wanawake. Microsoft ilibadilisha kanuni hiyo mwaka 2010. Na mwaka huohuo wa 2010 wakamfungia kijana mmoja wa West Virginia kwa kuandika jina la mji wake, kwa sababu mji wenyewe unaitwa Fort Gay. Hata huyo ilibidi aombwe radhi. Kwa miaka mingi, basi, dawa ya kampuni ilikuwa kuficha neno, na aliyeumizwa na neno hilo akafichwa pamoja nalo.

Siku hizi wamejirekebisha kidogo. Agosti 2023 Activision ilitangaza kwamba programu iitwayo ToxMod, ya kampuni ya Modulate, itasikiliza gumzo la sauti la Call of Duty na kuwafichua wanaotukana. Ilianzia Amerika Kaskazini, kwa Kiingereza. Novemba mwaka huohuo mchezo wa Fortnite ukaleta njia ya kuripoti kwa kuambatisha dakika 5 za mwisho za mazungumzo. Ni mambo mazuri. Ila chukua dakika 5 za Kiswahili cha Katuba kilichochanganywa na Kifaransa na Kilingala, mtu anamwita mwenzake kila jina, halafu uniambie ni mashine gani ya huko itakayoelewa. Mimi nimeripoti mara nyingi kwenye mchezo mmoja ambao sitautaja, na jibu ni lilelile: hatukuona ukiukaji.

Kwa hiyo nasema wazi. Kwa lugha yetu, sikio pekee lililopo ni la kapteni, na mdomo pekee unaoweza kulizuia tusi hilo ni wake. Karibuni tujadili. Mtakaonipinga mnipinge, ila msitaje jina la mtu yeyote wala kikosi chake.

Mwana_Katuba

Yaya, nakuheshimia sana, lakini apa unazidisha. Siye wote tunatukanaka. Miye banaishaniita pede mara mingi na sikukufa. Haiko chuki, ni kinywa tu, juu mutu anakasirika wakati anapoteza. Hata ku stade, siku Mazembe na Lupopo banacheza, unasikiaka nini? Kama mutu hana moyo ya kubeba matusi, aache mchezo.

YayaKamalondo

Mdogo wangu, asante kwa kusema bila kujificha. Kwamba wengi wanaotukana si watu wabaya, hapo nakubaliana nawe kabisa, na hata ushahidi upo. Riot, wenye League of Legends, walichunguza wachezaji wao miaka kumi na kitu iliyopita. Waligundua kwamba wale wenye tabia mbaya ya kudumu walisababisha takriban asilimia 13 tu ya maovu yote. Asilimia 87 ilitoka kwa watu wa kawaida ambao siku nyingine ni wapole. Kwangu hiyo ni habari njema, maana mtu wa kawaida anasikia akikatazwa.

Kuhusu uwanja wa mpira: Mexico walipiga kelele kama hizo kwa makipa kwa miaka, wakisema ni desturi tu, haina chuki. FIFA iliwatoza faini mara kadhaa, na mwaka 2021 ikafika hatua ya kuwachezesha nyumbani bila mashabiki. Kwenye mpira, basi, "ni kinywa tu" haikukubaliwa.

Na wewe hukufa kwa sababu ulipoitwa hivyo hakuna aliyeamini. Uliitwa, ukacheka, ukaenda kula. Mwingine anaitwa hivyohivyo kisha anakesha akijiuliza nani kamjua. Mmesikia neno moja, lakini hamkubeba mzigo mmoja.

PwaniSimba

Niko Mombasa. Nasema bila kuzunguka: kwa dini yangu jambo hilo ni haramu na sitalihalalisha kwa sababu ya mchezo wa simu. Mnataka tufundishe watoto kwamba ni sawa?

Hamadi_LShi

Kaka Simba, assalamu alaikum. Mimi pia ni Muislamu, niko Lubumbashi. Surat Al-Hujurat, aya ya 11, inatukataza kudharauliana na kuitana majina mabaya. Na kumtuhumu mtu uzinzi bila mashahidi, Surat An-Nur imekuwekea adhabu nzito. Aliyekosa shabaha ya bunduki ya mchezo umemtuhumu kwa ushahidi gani? Haramu unayoisema iache kwenye darsa. Hii nyingine tunaifanya kila usiku na hatutubu.

YayaKamalondo

Asante Hamadi. Kaka Simba, simwombi mtu abadili imani yake. Kanisani kwetu pia yanahubiriwa mengi juu ya hili na sijaandika uzi ili nibishane na wachungaji. Ninachoomba ni kidogo sana: mtu akikaa kwenye kikosi chako asiteswe. Unaweza kuamini unachoamini na bado ukamlinda mtoto wa watu. Watoto wanaokusikiliza hawajifunzi dini kutoka kwenye lile tusi. Wanajifunza kwamba kuna mtu ambaye ruhusa ya kumtesa ipo.

Binti_Ruashi

Naomba niongeze upande wetu maana hautajwi kamwe. Mimi ni msichana na ninacheza vizuri. Nikishinda naitwa jike dume, naitwa msagaji, naulizwa kama nina mke. Nikishindwa narudishwa jikoni. Kwa hiyo hilo tusi halihitaji hata uwe hivyo, linahitaji tu uwe mahali wanapoona si pako. Nimesoma kwamba Marekani watafiti Kuznekoff na Rose walilipima jambo hili kwenye Halo 3 na kuchapisha mwaka 2012: waliingiza sauti ya kiume iliyorekodiwa na sauti ya kike iliyorekodiwa, maneno yaleyale, na sauti ya kike ikapata maneno mabaya mara 3 zaidi. Maneno yaleyale, jamani! Mimi sasa nacheza maikrofoni imezimwa. Nawasikia, hawanisikii. Naitwa bubu. Afadhali.

YayaKamalondo

Dada, pole, na naumia kwamba umelazimika kusema "afadhali". Ukipenda kucheza kwenye mashindano yetu, njoo na maikrofoni yako imefunguliwa. Nitakuwa kwenye gumzo hilo mwenyewe.

Kolwezi_Sniper

Naona mnabembelezana tu. Hii ni ajenda ya wazungu, na michezo yenyewe inaingiza mashoga ili watoto wetu wazoee. Wenye mchezo wa Overwatch walifanya nini na mhusika wao wa kike, Tracer? Kikosi chenye watu wa hivyo hakishindi hata mechi moja, ni waoga. Halafu wewe mwanzisha uzi unayejua yote haya, ni mmoja wao?

YayaKamalondo

Nikujibu yote, moja baada ya jingine.

Overwatch ilitoka Mei 2016 na Tracer yuko kwenye jalada lake. Watu walimcheza kwa miezi, wakampenda, wakashinda naye. Desemba 2016 ikachapishwa katuni fupi inayoonyesha kwamba ana mpenzi wa kike. Kesho yake bastola zake zilikuwa na nguvu ileile. Mchezaji aliyemchukia siku hiyo alikuwa amemtegemea siku iliyotangulia.

Woga? Wewe unacheza mishale na risasi, basi uliza wanaocheza Mortal Kombat kwenye PlayStation za mtaani kwenu. SonicFox alishinda Evo, mashindano makubwa kabisa ya michezo ya mapigano, kwa Mortal Kombat na kwa michezo mingine, zaidi ya mara moja. Desemba 2018 alipopewa tuzo ya mchezaji bora wa mashindano ya michezo ya video kwenye The Game Awards alisimama jukwaani mbele ya dunia akasema kwamba ni shoga na ni mweusi. Nani kati yetu humu angemfunga hata raundi moja?

Habari ya wazungu: lile neno la Kifaransa, pede, mnalolitupa usiku kucha wameleta nani? Na tusi la mtoto wa Katuba kwa mtoto wa Katuba, mzungu yuko wapi hapo?

Swali lako la mwisho sitalijibu. Nikisema ndiyo, utanitafuta. Nikisema hapana, nitakuwa nimekubali kwamba kila anayemtetea mwenzake lazima kwanza ajisafishe mbele yako, na atakayefuata ataulizwa vilevile. Makapteni wengi wananyamaza kwa kuogopa swali hilohilo. Nimewasikia wakivuta pumzi, wakitaka kusema, wakaacha. Sitawaongezea hofu.

JinaLimefichwa

Nimefungua akaunti hii kwa ajili ya uzi huu tu. Niko mji uleule mnaouzungumzia. Mimi ndiye huyo mnayemtaja kila mechi, ila hamnijui.

Nataka kusema kitu ambacho hamjakisema. Kutukanwa nikikosea sijali sana, nimezoea, na mimi huwa nacheka pamoja nao. Kinachonichosha ni wakati wananipenda. Tukishinda wananiita ndugu yetu, mwanaume wa kweli, si kama wale mapede. Hapo ndipo najua kwamba upendo huo una sharti, na sharti lenyewe nimeshalivunja. Nafurahia ushindi nusu.

Jambo la pili. Kuna mtu tuliyefahamiana kwenye mchezo, akajifanya mwenzangu, tukaandikiana wiki nyingi. Baadaye akaomba pesa, akasema nisipotuma picha za mazungumzo zitaenda kwa familia yangu. Alijua pa kunipiga kwa sababu alikuwa ameyasikia matusi ya kikosi chetu na aliona hakuna atakayenitetea. Vijana, msidhani hayo mawili hayahusiani.

Sitajibu maswali. Asante kwa kuandika.

Kipara_Jr

[Ujumbe umefutwa na msimamizi]

YayaKamalondo

Nimemwomba msimamizi aufute ujumbe wa Kipara_Jr na ameufuta. Alikuwa anakisia shule na mtaa wa aliyeandika hapo juu. Ndugu yangu Kipara, labda ulidhani ni kuchangia mada tu. Mtu amekuamini kwa siri inayoweza kumwondolea paa juu ya kichwa, na wewe ukaanza kumtafuta. Usirudie, wala usimwandikie kwa faragha.

Kwa JinaLimefichwa: asante, nimekusoma zaidi ya mara moja. Kwa wengine walio katika hali kama yako, mtu mliyekutana mchezoni msimtumie picha yenye uso, msimpe namba ambayo familia inaijua, na akianza kutisha msilipe hata mara moja, maana anayelipwa hurudi. Hifadhini picha za vitisho vyake kabla ya kumfungia. Kongo ina Kanuni ya Kidijitali, iliyotolewa kwa amri-sheria ya tarehe 13 Machi 2023, na inaadhibu unyanyasaji wa mtandaoni. Lakini sitamwambia mtu akimbilie polisi peke yake, kwa sababu kule pia anaweza kuulizwa maswali ya kumgeuza mshtakiwa. Aende na mtu mzima anayemwamini kabisa, au mwanasheria, au asiende mpaka ampate.

FundiSeva_Dar

Ndugu zangu wa Lubumbashi, poleni. Huku Dar hali ni hiyohiyo, hata sitaki kuwadanganya. Na huko kwenye sheria na mashine hawajapona: uchunguzi wa ADL, shirika la Marekani linalopinga chuki, mwaka 2019 ulionyesha asilimia 74 ya watu wazima wa Marekani wanaocheza mtandaoni na wengine wamewahi kunyanyaswa.

Niseme upande wa ufundi, kwa sababu Yaya ameuweka mzigo wote kwa kapteni na mimi naona mipangilio ya mchezo nayo inasaidia. Riot haohao walijaribu kitu rahisi sana: gumzo kati ya timu pinzani wakalizima, ikawa anayelitaka analiwasha mwenyewe. Hawakumfungia mtu. Ndani ya wiki maneno mabaya yalipungua kwa zaidi ya asilimia 30 na mazuri yakaongezeka karibu asilimia 35, ilhali watu waliendelea kuzungumza. Kule kufikiri kidogo kabla ya kuwasha tu kulitosha kuwapoza.

Nyie kwenye mashindano yenu mnaweza kufanya hivyo kesho. Gumzo la wote lizimwe, libaki la kikosi peke yake. Na lobi ya kusubiria ndiyo mbaya kuliko mechi yenyewe, watu hawana kazi ya mikono ndiyo maana midomo inafanya kazi. Waingizeni dakika chache tu kabla ya kuanza.

YayaKamalondo

FundiSeva, la lobi sikuwa nimelifikiria na ni kweli tupu. Hapo ndipo wanapomchagua wa kumwonea siku hiyo. Tutalifanyia kazi. Gumzo la wote pia tutalizima.

Ila lile la ndani ya kikosi ndilo linaloua kwetu, na hilo halizimiki, kwa sababu bila sauti hakuna mchezo. Narudi kwa makapteni.

Kapteni_BelAir

Yaya, mimi ni kapteni na nimesoma uzi mzima kimya. Nakuunga mkono lakini nakwambia ugumu wake. Nilikataza. Nilisema kwenye kikosi changu tusi hilo basi. Watu watatu wakaondoka, na mmoja wao ndiye mpigaji wetu wa mbali, hatuna mwingine. Waliobaki wakaanza kuninong'ona mimi. Mdogo wangu wa kike akaniuliza nyumbani, kaka ni kweli wanayosema? Sijui alisikia wapi. Unaniambia nifanye nini hapo? Nisimame peke yangu?

YayaKamalondo

Ndugu yangu kapteni, uliyoyafanya ni makubwa na ulifanya bila mtu nyuma yako. Hilo ni kosa letu sisi wapangaji. Tulikuachia ukataze kwa jina lako, kwa hiyo waliokasirika wakawa na jina la kulipaka matope. Kanuni ikiwa ya mashindano, kapteni anasema tu: Yaya amekataza, nami sitaki tupoteze pointi. Hasira inakuja kwangu na mimi nitaibeba.

Nimezungumza na wenzangu wawili tunaopanga nao, na hivi ndivyo tulivyokubaliana. Kila kikosi kikijiandikisha, kapteni anasoma kanuni kwa sauti mbele ya wachezaji wake, kwa Kiswahili cha hapa, kila mtu akiwa na simu mfukoni. Matusi ya ushoga, ya kabila, na ya kumdhalilisha mwanamke yanahesabiwa pamoja. Tumeyaweka pamoja kwa makusudi, kwa sababu yule asiyejali la kwanza anajua vizuri sana la pili linavyouma, katika mji huu ambao watu walishawahi kufukuzana kwa asili zao. Mara ya kwanza mchezaji anakaa nje mechi moja na kikosi kinacheza pungufu. Hatumfukuzi, anakaa palepale kwenye benchi akitazama wenzake wakihangaika bila yeye. Akirudia, anamaliza siku yake. Na hakuna anayeruhusiwa kuuliza kama aliyetukanwa ni kweli au si kweli. Mwamuzi hatauliza na nyinyi msiulize.

Kuhusu mdogo wako wa kike, mjibu kwa upole. Mwambie kuna watoto walikuwa wanaonewa na wewe ulikataa. Atakuelewa kuliko hao watatu.

Mwana_Katuba

Yaya, na kama kapteni mwenyewe njo anatukanaka? Juu kwetu ni vile. Batoto banamufwata yeye.

YayaKamalondo

Umegusa penyewe. Kapteni akitukana, hakai nje mechi moja. Anavuliwa ukapteni kwa mashindano yote na kikosi kinachagua mwingine palepale, kabla ya mechi inayofuata. Kama hakuna anayethubutu kuchukua nafasi yake, kikosi hakichezi.

Na wewe kama kweli kwenu ni hivyo, niandikie kwa faragha ni kikosi gani. Sitasema umeniambia.

Mwana_Katuba

Sawa. Nitakuandikia mangaribi, wakati moto ya SNEL itarudia.

Kapteni_BelAir

Naomba hiyo kanuni uiandike fupi niibandike ukutani pale tunapochezea. Na wale watatu wakitaka kurudi?

YayaKamalondo

Nitaiweka hapahapa kesho baada ya kuisoma na wenzangu mara moja zaidi. Wale watatu wakirudi waisikilize ikisomwa kama wengine wote, kisha wape simu wacheze. Usiwadai radhi mbele ya watu. Mpigaji wa mbali akikataa, mfundishe Binti_Ruashi nafasi hiyo, kama yeye mwenyewe yuko tayari.

Binti_Ruashi

Kunifundisha? Hiyo nafasi naicheza tangu zamani. Niambieni siku na saa.